Chupa Yenye Jina la Nthatisi

Kila baridi inapokaribia kuisha, wanawake wa kijiji cha Ha Mokone, kule milimani Lesotho, hukandika upya kuta za nyumba zao. Hukoroga udongo na samadi ya ng'ombe, wakapaka kwa viganja, kisha wakachora mistari na maua kwa vidole au kwa uma. Kila mmoja huuangalia ukuta wa mwenzake. Hakuna anayekiri kwamba anaangalia, lakini wote huangalia.

Mwaka huo Malisebo alipaka ukuta mmoja tu, akachoka. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa huku jasho likimtoka, na baridi yote ile. Ng'ambo ya uzio wa mawe, shoga yake Nthatisi alikuwa juu ya ngazi. Alikuwa ameshaanza ukuta wa nne, tena anaimba.

"Mama Lisebo, umechoka?" Nthatisi aliuliza.

"Sijachoka. Napumzika."

"Haya, pumzika. Nikimaliza huku nitakuja nikupakie na wewe."

Alisema kwa wema. Lakini maneno hayo yalimchoma Malisebo, na uchungu wake ukabaki kifuani siku nzima.

Wanawake hawa wawili walikuwa marafiki tangu utotoni. Walizaliwa kijiji kimoja, wakaolewa kijiji kimoja. Majirani walimwita Nthatisi kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi ya Wasotho, kama Malisebo mwenyewe alivyoitwa mama yake Lisebo. Malisebo peke yake ndiye aliyeendelea kumwita jina la usichana.

Wote wawili walikuwa wanaishi na virusi vya ukimwi. Kijijini hilo halikuwa siri tena. Wote walimeza dawa zao, ARV, saa mbili kila asubuhi, redio inaposoma habari. Kwa miaka sita Malisebo hakuwa amekosa hata siku moja. Lakini Nthatisi alinenepa, mashavu yakang'aa, akabeba ndoo mbili za maji mlimani bila kutua. Malisebo alibaki mwembamba. Mafua yakipita kijijini, kwake ndiko yalikolala. Mwaka uliopita alitokwa na mkanda wa jeshi mgongoni, akaugulia mwezi mzima.

Malisebo alimwonea wivu rafiki yake. Tuseme tu kama ilivyokuwa. Aliona wivu akimsikia anaimba, akimwona anacheka, hata akimwona anapanda ngazi. Na alijichukia kwa sababu ya wivu huo, lakini kujichukia hakukuupunguza.

Zahanati ilikuwa mbali, nyuma ya mlima, mwendo wa nusu siku. Kwa hiyo wagonjwa sita wa Ha Mokone walikuwa wameunda kundi. Kila baada ya miezi mitatu mmoja wao alikwenda kwa zamu, akawachukulia wenzake wote dawa. Alibeba pia vijitabu vyao. Lesotho kila mtu hukaa na kijitabu chake cha matibabu, huitwa bukana, na humo wauguzi huandika vipimo na dawa zake. Mkuu wa kundi, Ntate Lekena, mzee mwenye sikio moja zito, aliweka sharti. Vijitabu viende vimefungwa na virudi vimefungwa. Macho ya mtu yaishie kwenye bukana yake.

Zamu ya Malisebo ilifika. Ntate Lekena alimwazima farasi wake. Kule zahanati muuguzi, Sista Puseletso, alimkabidhi dawa za watu sita, kila mtu na mfuko wake. Majibu ya damu waliyotoa mara ya mwisho nayo yalikuwa yameshaandikwa kwenye vijitabu.

Wakati wa kurudi, Malisebo alisimama juu ya mlima kumpumzisha farasi. Alifungua kijitabu chake. CD4, yaani idadi ya askari wanaolinda mwili, ilikuwa mia moja sitini na nane. Alikitazama kijitabu cha Nthatisi. Akakirudisha mfukoni. Akakitoa tena, akakifungua.

Mia saba arobaini na mbili.

Alihisi kama amepigwa kofi. Chini ya namba hiyo palikuwa na mstari mwingine. Ulisema kwamba virusi havionekani kwenye kipimo. Kijitabu chake mwenyewe kilikuwa na mstari huohuo, neno kwa neno. Lakini mtu mwenye wivu hasomi mstari wa pili.

Kisha akafungua mifuko ya dawa. Wa Nthatisi ulikuwa na chupa moja. Wake ulikuwa na chupa moja na pakiti za septrini, vile vidonge vyeupe vikubwa vinavyokwama kooni. Malisebo akapiga hesabu zake. Mwenzangu anapewa dawa moja, na ndiyo yenye nguvu. Mimi najaziwa mfuko kwa makombo. Na haya madonge meupe ndiyo yanayonikalia mwilini, ndiyo maana sipandi.

Alichukua chupa yenye jina la Nthatisi, akaitia kwenye mfuko wake. Chupa yenye jina lake akaitia kwenye mfuko wa Nthatisi. Septrini akazimimina zote kwenye ufa wa mwamba, akazisikia zikigongagonga kuelekea chini.

Alijua Nthatisi hatagundua. Miwani ya Nthatisi ilikanyagwa na kondoo tangu mavuno, na maandishi madogo hakuyaona tena. Dawa yake aliitambua kwa mkono wa aliyempa.

Jioni hiyo Nthatisi alipokea mfuko wake, akamwandalia Malisebo bakuli la uji mchachu wa mtama.

"Wameandika nini, shoga? Macho yangu unayajua."

"Hakuna jipya. Uendelee tu kumeza."

"Na CD4?"

Malisebo alikunywa uji kwanza. "Ileile ya zamani," alisema, bila kumtazama.

Wiki mbili za mwanzo alijiona ana nguvu mpya. Alijitazama kwenye kioo akaona mashavu yanajaa. Yalikuwa yanajaa machoni pake tu. Mwezi wa pili kikohozi kikavu kilianza. Kisha homa za jioni. Kisha pumzi ikawa fupi. Akienda kisimani alisimama mara nne njiani. Watu wakimuuliza, alisingizia moshi wa samadi jikoni. Hakutaka kwenda zahanati, kwa sababu huko wangemuuliza habari za dawa, naye angejibu nini?

Asubuhi moja Nthatisi alikuja kuomba ungo. Alimkuta Malisebo ameketi sakafuni karibu na mlango, midomo imekuwa ya kijivu. Malisebo alijaribu kusema, akashindwa kumaliza neno. Nthatisi hakuuliza kitu. Alikimbia kumtandika farasi wa Ntate Lekena, akachukua dawa na kijitabu cha Malisebo akavitia mfukoni, akamfunga rafiki yake kwa blanketi juu ya farasi. Kisha akashika hatamu, akapanda mlima kwa miguu nusu siku nzima.

Sista Puseletso alimlaza Malisebo, akamvisha barakoa ya oksijeni, akapiga simu hospitali ya wilaya waletewe gari. Halafu akaomba kuona dawa anazomeza. Nthatisi akampa mfuko. Sista alitoa chupa, akaigeuza.

"Nthatisi ni nani?"

"Ni mimi," Nthatisi alisema.

"Hii ni chupa yako wewe. Na septrini zake ziko wapi?"

Nthatisi hakuelewa. Alimtazama Malisebo. Malisebo aliivuta barakoa pembeni.

"Chupa niliibadilisha," alisema kwa pumzi ndogondogo. "Septrini nilizimwaga."

"Kwa nini, mama?" Sista aliuliza.

"Yeye ana mia saba."

"Mia saba nini?" Nthatisi akauliza.

Sista aliirudisha barakoa mahali pake. Nthatisi aliiangalia chupa, akamwangalia rafiki yake. Kisha akaweka mfuko chini taratibu, akajitanda blanketi lake, akatoka nje. Gari la hospitali lilipofika, hakuwepo.

Malisebo alilazwa siku kumi na moja. Walimpima kifua kikuu, hakuwa nacho. Alikuwa na nimonia, ile inayowapata watu ambao kinga yao iko chini. Siku ya kwanza aliyoweza kuketi, muuguzi wa wodi alimletea dawa kwenye kikombe. Malisebo alichungulia. Vilikuwa vidonge vyeupe vikubwa.

"Si ndizo hizi nilizozimwaga?"

"Ndizo," muuguzi alisema. "Ulikuwa unameza kidogo ili zikukinge. Sasa unameza nyingi ili zikutibu. Utazimeza hivi kwa wiki tatu. Kunywa maji."

Alizimeza. Kila saa ya kuona wagonjwa alitazama mlangoni. Ntate Lekena alikuja, hata mke wa mchungaji alikuja. Nthatisi hakuja.

Alipotoka hospitali alipitia zahanati. Sista Puseletso alimkaribisha kwenye kiti, akafunga mlango. Hakumgombeza, na hilo lilimtia Malisebo aibu zaidi.

"Sista, naomba nielewe," Malisebo alisema. "Kama nimefanya ujinga nitajwe mjinga. Lakini sote wawili tunameza kila siku. Kwa nini yeye apande, mimi nibaki chini?"

Sista alifungua kabati, akatoa ile chupa yenye jina la Nthatisi pamoja na chupa mpya ya Malisebo. Akaweka kidonge kimoja kimoja juu ya meza.

"Nionyeshe tofauti."

Malisebo aliinama. Alivigeuza. Umbo moja, rangi moja, alama moja iliyochapwa.

"Hakuna tofauti."

"Umeiba kitu ulichokuwa nacho, mama. Tena una bahati. Kwenye kundi lenu yuko mtu anayepewa dawa nyingine kabisa. Ungebadilishana na huyo mngeumia wote wawili."

Sista akavuta kiti karibu.

"Sikiliza. ARV hazitengenezi askari. Kazi yake ni kuvibana virusi visizaane. Virusi vikibanwa, mwili unapata nafasi ya kujenga askari wake wenyewe. Sasa mwili mmoja hujenga haraka, mwingine polepole. Fungua ukurasa wa kwanza wa kijitabu chako. Ulianza dawa ukiwa na askari wangapi?"

"Thelathini na mmoja," Malisebo alisoma.

"Thelathini na mmoja. Virusi vilikuwa vimeshabomoa karibu nyumba nzima. Mtu aliyeanza mapema amebomolewa kidirisha tu. Ataziba na kumaliza. Wewe unajenga tangu msingi. Umri nao huchangia, na magonjwa mtu aliyopitia. Wengine hawafiki mia tano maisha yao yote, ingawa wanameza vizuri kabisa. Si kwa sababu wamekosea."

Hapo Malisebo alikumbuka kitu ambacho alikuwa amekizika. Nthatisi alipogunduliwa, alikuwa na mimba ya mwanawe wa mwisho. Alikwenda kliniki ya wajawazito, wakampima. Siku hiyohiyo alikuja moja kwa moja kwa Malisebo, macho yamevimba kwa kulia, akamwambia twende nawe ukapime. Malisebo akamjibu: "Mimi sina mimba, nikapime nini?" Ilipita miaka miwili. Alikuja kupimwa akiwa amelazwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe.

"Kwa hiyo nimeshindwa," alisema.

"Nani kasema? Soma mstari wa pili."

"Virusi havionekani."

"Hapo umefaulu sawa na mtu yeyote. Na kutoka thelathini na mmoja hadi mia moja sitini na nane si kidogo. Lakini askari wako hawajatosha. Ndiyo maana tunakupa septrini. Inasimama mlangoni badala ya askari ambao bado hujawapata. Mwenzako aliachishwa kwa sababu wake wametosha. Tukiona wako nao wametosha, na wamekaa hivyo, tutakuachisha. Tutakuambia sisi. Usijiachishe mwenyewe."

Malisebo aliuliza kama kuna dawa ya kuinua CD4 haraka. Alikuwa amesikia kuna mtu anauza unga wa mizizi sokoni. Sista alimwambia amwache mtu huyo na unga wake. Ale chakula cha kawaida, ugali na mboga za majani, maharage, mayai yakipatikana. Alale vya kutosha. Anywe dawa za kuzuia kifua kikuu wakati wake utakapofika. Na akipata kikohozi, homa, jasho la usiku au akikonda, aje zahanati siku hiyohiyo, asikae nyumbani akisingizia moshi.

"Na namba ya mtu mwingine?" Sista aliongeza. "Haikuhusu. Linganisha yako ya leo na yako ya mwaka jana."

Malisebo alirudi Ha Mokone. Wiki nzima alimwona Nthatisi ng'ambo ya uzio, na Nthatisi hakuimba. Siku ya nane alivaa blanketi lake zuri, akavuka, akasimama mlangoni kwa mwenzake kama mgeni.

"Nimekuja kuomba msamaha," alisema. "Nilikuonea wivu. Nilikuwa nakuonea wivu muda mrefu."

Nthatisi aliendelea kuchambua maharage. Alichambua mpaka mafungu yakawa mawili.

"Wivu naujua," alisema mwishowe. "Nilipoona mwanao anavyojua kusoma, na wangu wanarudia darasa, nililia. Na ile chupa, Sista ameniambia dawa ni moja, sikudhurika. Si hayo."

"Ni nini basi?"

"Ulinificha namba yangu. Nilikuuliza CD4, ukaangalia ndani ya bakuli. Nikasema, shoga yangu ameona jambo baya, ananionea huruma. Miezi mitatu, Malisebo! Nilishamwonyesha binti yangu lile blanketi la kunizika liko sanduku gani."

Malisebo hakuwa amewaza hilo hata mara moja. Alikuwa ameshughulika na namba yake tu na namba ya mwenzake. Aliketi chini palepale kizingitini, akalia. Nthatisi hakumbembeleza. Baada ya muda alimsukumia fungu moja la maharage, nalo Malisebo akalichambua.

Kundi lilikutana. Ntate Lekena alitaka Malisebo aondolewe kwenye zamu, asipewe tena kijitabu wala dawa ya mtu. Wengine waliitikia. Nthatisi alikuwa wa mwisho kusema, na alisema kwa ukali, kwa sababu hasira yake ilikuwa haijaisha.

"Zamu yake ibaki. Nimetembea nusu siku nimemshikia farasi ili aje akae nyumbani abebewe? Hapana. Atabeba kama sisi. Ila kuanzia leo dawa zigawiwe mbele ya wote, na jina la kila chupa lisomwe kwa sauti."

Wakakubaliana hivyo. Ikawa desturi ya kundi hilo, na makosa mawili ya bahati mbaya yalishagunduliwa kwa njia hiyo kabla mtu hajameza dawa isiyo yake.

Mwaka ulipita. Malisebo alimeza ARV yake saa mbili na septrini yake pamoja nayo, ingawa bado ilikwama kooni. Alipata kikohozi mara moja, akaenda zahanati siku hiyohiyo, wakakuta ni mafua. Wivu haukumtoka wote. Siku nyingine, akimsikia Nthatisi anaimba juu ya ngazi, ulimuuma kidogo. Aliuacha umume, akaendelea na kazi yake.

Zamu yake ikafika tena, na ilikuwa majira ya majibu ya damu. Juu ya mlima alimpumzisha farasi, akafungua kijitabu kimoja tu.

Jioni kundi lilikusanyika kwa Ntate Lekena. Malisebo alisoma majina ya chupa moja baada ya nyingine, akagawa. Kisha akampa Nthatisi bukana yake. Nthatisi alikuwa amepata miwani mpya tangu Pasaka. Aliivua, akaifuta kwa upindo wa blanketi, akaitia mfukoni. Akamrudishia Malisebo kijitabu.

"Nisomee wewe."

Malisebo alifungua ukurasa.

"Mia saba themanini na mbili," alisema.

"Sikusikia," alisema Ntate Lekena, akigeuza sikio lake zima.

"Mia saba themanini na mbili," Malisebo alirudia, safari hii kwa sauti ya kujaza nyumba.

Nthatisi aliitikia kwa kichwa. "Na yako?"

"Mia mbili na kumi na nne. Sista anasema niendelee na septrini. Bado haijatosha."

Nthatisi aliinuka, akatupa blanketi begani, akapiga vigelegele. Alipiga mpaka mbwa wa Ntate Lekena wakaamka wakabweka, na majirani wakatoka kuuliza nani anaolewa. Kwa ile mia saba yake mwenyewe hakuwa amepiga hata kimoja.

Baridi ilipokaribia kuisha, Malisebo alikandika nyumba yake. Ilimchukua siku nane, mapumziko yakiwa mengi, lakini alipaka kuta zote nne kwa mikono yake. Alipomaliza alisimama uani akauangalia ukuta wa Nthatisi, kisha akauangalia wake, akaukumbuka mwaka ule alipoishia ukuta mmoja.